Buati ya Vitesi Imetengenezwa, Lakini Gari Haipandi

Ndugu msomaji, huenda gari ya nyumbani kwenu imetoka garaji wiki hii. Buati ya vitesi ilifunguliwa yote, ikawekwa diski mpya na joenti mpya, feza ikalipwa, watu wakashikana mikono. Sasa gari inakataa kubadili vitesi. Inachelewa kuondoka, au inaruka kwa kishindo, au motere inalia bure na magurudumu hayafuati. Mtu wa kwanza kukupa shauri atasema: «Buati imekufa tena, muitoe, mutafute ingine.» Usimsikilize bado. Ngoja kwanza tuzungumze, mimi na wewe, na kama una kijana nyumbani anayejifunza ufundi, mwite naye akae hapa.

Ninasema juu ya buati otomatiki, ile isiyo na ambreyaji ya mguu. Kwetu Bukavu zilikuja kwa wingi pamoja na magari ya mkono wa pili kutoka Japani, yale yenye volan upande wa kuume, yanayopitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Mafundi wetu wazee hawakuzijua. Wao walifunzwa kwa Land Rover na malori ya ambreyaji, wengine katika magaraji ya SOMINKI, kampuni ile iliyoundwa 1976 na kuanguka katika miaka ya 1990. Fundi wa namna hiyo alikuwa anafungua buati chini ya mwembe, anahesabu meno ya chuma kwa macho, anaifunga jioni. Leo mwana wake anafungua otomatiki na kukuta mamia ya vipande vidogo, njia za mafuta kama njia za mchwa, na nyuzi za umeme. Baba yake hawezi kumsaidia hapo.

Tena kuna jambo la feza. Katika Kamituga na Mwenga, mtu akipata kidogo shimoni, ama anajenga nyumba, ama ananunua gari. Gari inabeba watu na biashara, inalipa masomo ya watoto. Ikilala, nyumba nzima inalala. Ndiyo sababu ugomvi wa garaji kwetu si ugomvi wa chuma peke yake. Nimeitwa mara nyingi kusuluhisha watu, na ninaweza kusema kwamba baada ya mashamba na mahari, buati za vitesi ziko karibu sana.

Kwanza tuelewe kitu hiki kinavyofanya kazi. Ndani ya buati otomatiki, mtumishi mkubwa ni mafuta. Motere inazungusha pompi, pompi inasukuma mafuta kwa nguvu, mafuta yanapita katika bloku ya valvu, yanakwenda kusukuma pistoni, na pistoni inabana diski. Ukibana diski za huku unapata vitesi ya kwanza, ukibana za kule unapata ya pili, na kadhalika. Kati ya motere na buati kuna konvertisere, kile kitu cha chuma cha duara kama boga. Ndani yake kuna mapanga mawili yanayotazamana, moja linarusha mafuta, lingine linayapokea na kuzunguka. Mjerumani Hermann Föttinger alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1905, naye alikuwa akifikiria meli, si magari. Mwaka 1939 Waamerika wa General Motors walitangaza buati yao ya Hydra-Matic kwa magari ya Oldsmobile ya 1940, na hiyo ndiyo otomatiki ya kwanza iliyouzwa kwa watu wengi. Buati za zamani ziliongozwa na mafuta peke yake. Lakini Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinazotembea kwetu zina pia kisanduku cha umeme kinachotoa amri. Amri inapita katika uzi, inafika kwa elektrovane, yaani koili ndogo ya sumaku inayofungua na kufunga njia ya mafuta.

Kwa hiyo ugonjwa unaweza kukaa mahali patatu: katika mafuta, katika kable na nyuzi za nje, au katika vyuma vya ndani. Mawili ya kwanza yanatazamwa kwa siku moja, kwa kitambaa na taa ya mkono. La tatu linataka kriki, watu wanne, na wiki nzima. Fundi aliyetoka kufunga buati, mawazo yake yote yako ndani, kwa sababu ndani ndiko alikolala siku kumi na mikono yake. Anasahau kwamba siku ile ya mwisho, jioni, akiwa amechoka, ndipo alipofunga vitu vya nje.

Mwaka 2018 mama mmoja mfanyabiashara alinijia akiwa na hasira. Mume wake ni PDG wa shimo Kamituga (wasomaji wetu wa kule wanajua kwamba PDG si mtu wa ofisi, ni mwenye shimo). Walikuwa na Toyota Hilux Surf ya dizeli, otomatiki, iliyokuwa ikipeleka bidhaa kutoka Bukavu mpaka Mwenga na Kamituga. Buati ilianza kuteleza, wakampa kijana mmoja wa Kadutu kuitengeneza. Piesi zilitoka Kampala. Kazi ikaisha, gari ikawashwa, ikatembea uwanjani vizuri. Lakini ilipofika kwenye mlima haikupanda. Motere inalia, gari inavuta kama ng'ombe mgonjwa.

«Baba Pasta, huyu mutoto alikula feza yetu,» akaniambia. «Aliweka diski za zamani. Nilimunyanganya sanduku yake ya funguo, iko kwangu, na hatapata hata ufunguo moja mpaka arudishe yote.»

Ndugu msomaji, wewe unajua fundi bila funguo ni nini. Kijana alikuwa na mke na watoto wawili, na wateja wengine wawili wakingoja. Nilikwenda kumwona. Hakukana wala hakutukana. Alisema tu: «Pasta, diski ni mpya, niliziloweka katika mafuta kabla ya kuziweka, mimi mwenyewe. Lakini gari haina nguvu, njo vile, na sijui juu ya nini.» Akanionyesha karatasi za fotokopi, kurasa kama thelathini za kitabu cha Toyota, zote kwa Kiingereza. Alikuwa akitazama picha tu. Mimi nilijifunza Kiingereza kidogo nilipokuwa shule ya Biblia, Kiingereza kinachojua nyaraka za Paulo kuliko garaji, lakini pamoja na kamusi tulianza kusoma. Nilimwomba mama aje pia. Alikuja na kuketi kwenye mpira wa gari, mkoba juu ya magoti, kama mtu anayengoja hukumu.

Tukakuta ukurasa mmoja uliokuwa na thamani kuliko mengine yote. Unasema hivi, kwa maneno yangu: katika buati ya namna ile, ukiondoa umeme wote wa elektrovane, buati haifi. Inabaki na njia zake za mafuta tu. Ukiweka leva kwenye D, inakwenda katika vitesi ya nne. Ukiweka kwenye 2, inakwenda katika ya tatu. Ukiweka kwenye L, inakwenda katika ya kwanza. Na R inarudi nyuma kama kawaida. Ndiyo njia ya kupima kama vyuma vya ndani ni vizima: unatoa fishi ya umeme ya buati, unatembeza gari, unabadili kwa mkono.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza: «Pasta, soma tena hapo kwa D.» Nikasoma tena. Akaruka ndani ya gari. Akaweka L, na ile Surf ikapanda kilima cha karibu na garaji kwa nguvu zake zote. Akaishusha, akaweka 2, ikapanda kwa shida. Akaweka D, ikakataa kabisa. Na fishi hatujaitoa bado! Unaelewa? Gari ilikuwa inafanya kama gari ambayo tayari haina umeme. D yake ilikuwa ya nne tangu mwanzo. Hata wewe ukiondoka kwa vitesi ya nne kwenye mlima wa Kadutu, utafika wapi?

Lakini kwa nini taa haikusema? Toyota hizi zina taa ya O/D OFF kwenye tablo, na umeme wa buati ukiharibika inawaka na kuzima yenyewe njiani. Tukatazama: ampuli ya taa ile ilikuwa imeungua, labda tangu zamani. Tukaweka ampuli nyingine. Kisha kitabu kikatufundisha kuiuliza gari maswali. Ndani ya kapo kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unaunganisha kwa kipande cha uzi matundu mawili, TE1 na E1, unaacha kitufe cha O/D kikiwa kimewashwa, unafungua ufunguo bila kuanzisha motere, na unahesabu. Taa ikipepesa haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililoandikwa. Ikipepesa mara sita, ikapumzika, halafu mara mbili, hiyo ni 62, elektrovane ya kwanza. 63 ni ya pili. 64 ni ile ya kufunga konvertisere. 42 na 61 ni vipimo vya mwendo. Mama ndiye aliyehesabu kwa sauti, sisi wengine tulikuwa tunachanganyikiwa. Ikatoka 62, ikatoka 63, ikatoka 64.

Hapa kijana wa garaji anapaswa kufikiri kidogo. Elektrovane moja inaweza kufa. Tatu kufa pamoja, siku moja, na zote zilikuwa zima kabla ya kazi? Hizo hazikufa. Mlango wao ni mmoja, na mlango ndio umefungwa. Kijana akalala chini ya gari, akafuata uzi kwa mkono mpaka kwenye fishi ya buati. Ilikuwa imeingia nusu. Matope makavu ya barabara yalijaa mahali pa kufunga, na ile ndimi ndogo ya plastiki haikulia «tak». Alipima kwa mita upande wa buati: om 13 kwa elektrovane ya kwanza, na ya pili karibu hivyo hivyo, na kitabu kinataka 11 hadi 15. Zilikuwa nzima. Akasafisha kwa mswaki wa meno, akasukuma, ikalia. Gari ikapanda kwa D.

Wengi wangeishia hapo na kuagiza soda. Mama alikuwa ameanza kucheka. Lakini fundi alisema: «Bado. Kuna kitu kingine.» Nami ninamheshimu kijana yule kwa neno hilo, kwa sababu angeweza kunyamaza na kuchukua sanduku lake. Wakati wa kutoka vitesi ya pili kwenda ya tatu, motere ilipanda juu kwa kelele kidogo kabla ya ya tatu kushika. Na ukitia R, gari ilikaa kwanza, ikafikiri, ndipo ikashika.

Wakaanza upya kwa utaratibu, na hapa ninaomba usome polepole.

Mafuta. Kwa Toyota nyingi yanapimwa buati ikiwa moto, baada ya kutembea, gari mahali tambarare, motere ikizunguka ralanti. Unapitisha leva pole pole katika nafasi zote, unarudisha P, ndipo unavuta joje. Ukipima motere imezimwa unajidanganya. Mafuta yakipungua, pompi inavuta hewa. Yakizidi, vyuma vinavyozunguka vinayapiga kama mayai mpaka yatoe povu, na povu halisukumi pistoni. Ona basi, makosa mawili yaliyo kinyume yanaleta ugonjwa mmoja wa kuteleza. Baada ya buati kufunguliwa, konvertisere nayo inaweza kuwa tupu. Inajaa taratibu motere ikizunguka, kwa hiyo kipimo cha kwanza si cha kuamini. Na aina ya mafuta: Toyota nyingi za miaka ile zilitumia Dexron II au III, baadaye ikaja T-IV, kisha WS, na buati za CVT zina mafuta yake peke yake. Mara nyingi imeandikwa kwenye joje yenyewe. Sokoni kila kitu chekundu kinaitwa «mafuta ya otomatiki», na chupa iliyofunguliwa si ushahidi wa kitu. Mafuta ya Surf yalikuwa sawa, mekundu, hayana harufu ya kuungua.

Kable. Surf ile ina kable inayotoka kwenye motere, mahali unapokanyaga gazi, ikaingia ndani ya buati. Ndiyo inayoiambia buati: dereva anataka nguvu, bana diski kwa nguvu. Juu ya kable kuna kipande kidogo cha chuma kilichobanwa. Mtu mmoja akikanyaga gazi mpaka mwisho, kipande kile sherti kiwe kati ya milimita 0 na 1 kutoka mwisho wa mfuko wa mpira. Ikilegea, nguvu ya mafuta inapungua, diski zinateleza na kuungua kidogo kidogo bila mtu kujua. Kazi mpya inaharibika ndani ya majuma machache. Ikivutwa mno, kila vitesi inagonga. Ya kwetu ilikuwa imelegea wazi. Kijana akairekebisha. Kelele ile ya kati ya pili na tatu ikapungua nusu. Haikwisha.

Saa. Kipimo hiki hakigharimu kitu. Buati ikiwa moto, freni ya mkono imevutwa, mguu juu ya freni, motere ralanti. Toa leva N, tia D, na hesabu mpaka usikie gari imeshika: kwa buati ile iwe chini ya sekunde 1.2. Ngoja dakika moja. Kutoka N kwenda R iwe chini ya sekunde 1.5. Fanya mara tatu na kutafuta wastani. Mama akatoa simu yake yenye saa ya kupimia. D ilishika kwa sekunde moja. R ilifika karibu sekunde tatu, kila mara.

Basi tukarudi kwenye kurasa. Kuna tablo yenye viduara inayoonyesha diski gani zinabanwa katika vitesi gani. Kijana alikuwa ameiruka kwa sababu aliiona kama hesabu. Lakini weka kidole: D inashika vizuri, kwa hiyo diski za mbele, zile wanaandika C1, ni nzima, na pompi pia. R inachelewa. Ya tatu inateleza. Ni diski gani ziko katika R na tena katika ya tatu? Kundi moja tu lina kiduara pande zote mbili bila kuwa nacho katika ya kwanza: C2. Magonjwa mawili yalikutana katika ngoma moja ya chuma, na sasa kijana alijua, kabla ya kugusa bulo hata moja, atatazama wapi.

Buati ikashuka. Mama hakupenda, lakini aliona viduara kwa macho yake mwenyewe na akakubali. Mapatano yalikuwa haya: kazi ya mikono bila malipo, mafuta mapya na joenti juu ya mwenye gari. Katika ngoma ya C2, joenti ya pistoni ilikuwa imekunjika mdomo wakati wa kuiingiza. Mafuta yalipita pembeni, pistoni ikabana polepole. Joenti moja laini kama utepe! Njia ya kuiingiza ni kuipaka mafuta yale yale ya buati na kuuongoza mdomo wake kwa kipande chembamba cha plastiki kisicho na makali, bila haraka, na kuhakikisha mdomo unatazama upande mafuta yanakotoka. Kisha unapuliza hewa ya komprese katika tundu lake. Pistoni ikilia «tok» na kushika, ni nzuri. Ikifanya «fsss» peke yake, ifungue sasa hivi wakati bado iko mezani. Mara ya kwanza kijana hakupuliza kwa sababu umeme ulikuwa umekatika mtaani. Mara ya pili alibeba ngoma mpaka kwa kwado wa barabarani, mwenye komprese ya petroli ya kujaza mipira, akalipa kidogo na kupuliza pale pale.

Baada ya kufunga, R ilishika kwa sekunde moja na kitu, ya tatu ikaingia bila kelele. Sanduku la funguo lilirudi Kadutu siku ile, juu ya kichwa cha mtoto wa mama.

Sasa maneno machache kwa wale ambao buati yao ina ugonjwa tofauti. Kama vitesi zinagonga kwa nguvu baada ya kazi, na kable ni sawa, waza bloku ya valvu: ndani kuna mipira midogo ya kufunga njia, na kila mmoja una shimo lake. Ukikosa mmoja au ukiuweka jirani, buati itagonga au itateleza mpaka uifungue. Kuna pia karatasi mbili za joenti zinazofanana kama mapacha. Zilaze moja juu ya nyingine na kulinganisha matundu kabla ya kufunga. Mipira na vipande vyembamba vinashikwa na vazelini, kwa sababu vazelini inayeyuka katika mafuta ya moto. Mtu akishika kwa grisi ngumu anapanda mbegu ya valvu kukwama.

Kama gari haitembei kabisa, mbele wala nyuma, uliza jinsi konvertisere ilivyoingia. Inatakiwa kushuka yenyewe hatua kwa hatua, unaizungusha na kusikia inaangukia mahali pake, na buati inagusa motere kwa mkono bila kulazimishwa. Fundi aliyeivuta kwa bulo, huyo amevunja pompi.

Kama kazi ilikuwa nzuri na baada ya mwezi ugonjwa wa zamani umerudi, tazama radiatere. Mafuta ya buati yanapita huko kupoa, na takataka za diski zilizoungua zinabaki katika mabomba. Ukifunga buati safi juu ya mabomba machafu, unairudishia uchafu wake. Safisha kwa kupuliza kinyume cha njia yake. Na mafuta yakiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa damu, maji ya radiatere yameingia. Diski mpya hazitadumu, kwani maji yanabandua gundi yake.

Kila mara karteri inaposhushwa, fanya kama akina mama wanaoosha mchanga kwenye karai. Usimwage haraka. Ndani kuna sumaku ndogo. Unga mweusi kidogo kama masizi ni uchakavu wa kawaida. Chembe za chuma zinazong'aa zinasema kitu kigumu kinasuguana. Vipande vya kahawia vyenye harufu ya kuungua ni diski. Weka uliyoyaona ndani ya kikaratasi, na piesi zote za zamani zitiwe katika mfuko na kupewa mwenye gari, hata kama atazitupa. Mfuko ule ungekuwepo siku ya kwanza, mama yule asingesema neno la diski za zamani.

Kuna kipimo cha kukanyaga gazi mpaka mwisho huku freni imeshikwa, ili kuona kama diski zinateleza. Kiko katika kitabu, na vijana wanakipenda kwa sababu ya kelele. Kisipite sekunde 5, magurudumu yote manne yamezuiwa kwa mawe, hakuna mtu mbele wala nyuma, na mafuta yakiwa kati ya digrii 50 na 80. Mimi nisingekiruhusu katika garaji iliyo kwenye mteremko, na Bukavu ni garaji gani isiyo kwenye mteremko?

Na kama gari ya otomatiki imekufa njiani, tuseme kati ya Mwenga na Kamituga, isivutwe kwa kamba na magurudumu yake yanayosukuma yakiwa chini. Motere ikizimwa, pompi imezimwa nayo, na vyuma vya buati vinazunguka bila mafuta kwa kilometa zote hizo. Ipandishwe juu ya lori. Ikikosekana lori, na gari ni ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Surf ile, fundi afungue ule mti wa chuma unaotoka buati kwenda nyuma, aufunge kwa kamba ndani ya gari. Na kama ina nguvu ya magurudumu manne, autoe wa mbele pia. Bulo zake azitie katika mfuko wa suruali yake mwenyewe, asimpe mtoto ashike.